Kopo Nililolipeleka Madhabahuni

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mie nishawahi kushuhudia mbele za watu. Ushuhuda ule ulikuwa wa uongo, wa leo ni wa kweli.

Sheria ya kikundi chetu inasema tusitaje majina. Langu nalificha. Lake silifichi: Nabii Festo, wa kanisa la mabati kule Tandale. Uniwie radhi, mwenyekiti.

Ndugu zangu, nilikuwa nameza dawa za VVU vizuri tu. Kopo la vidonge nilikuwa nalijaza pamba lisilie. Mnacheka? Nani humu hajaweka pamba? Mie nauza chapati kwa wapagazi wa Kurasini, mteja akisikia vidonge vinalia kwenye mkoba, chapati zinadoda. Mume wangu alijua. Yeye alipimwa hana, tukawa tunatumia kondomu, maisha yanaenda.

Nabii akaja na yake: "Mwenye imani haogopi. Leta kopo madhabahuni." Nikapeleka. Akanipa maikrofoni, nikasema nimepona. Vigelegele! Nikarudi nyumbani: "Baba Neema, tupa hizo kondomu, mkeo mzima." Akatupa. Hakumwamini nabii yule, aliniamini mie. Hapo ndipo panaponiuma.

Miezi ikapita. Nikaanza kukohoa, magauni yakanipwaya. Nabii ananiambia imani yangu haba. Namtazama Baba Neema akila, nawaza: akikohoa tu, nimemuua.

Siku moja akaja mama nisiyemjua, akaagiza chapati mbili na maharage. Kesho yake tena. Siku ya tatu akautikisa mkoba wake: chaka, chaka. Kopo halina pamba. Nikaganda mbele ya jiko.

"Dada, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Muongo. Kliniki hujaonekana siku nyingi. Mie mwenzio, nameza kama wewe. Mzee nyumbani je, kapimwa?"

Nikalia pale pale, chapati ikaungua.

Nilimweleza mume wangu tukiwa njiani kwenda kliniki. Nilitegemea kofi. Tulipofika mlangoni kwa mpimaji akasema, "Kama ninao, tutameza wote. Ila kwa yule nabii wako usinipeleke."

Nikakaa nahesabu vigae vya sakafuni. Majibu: hana. Nesi akasema tusishangilie bado, arudi baada ya wiki kadhaa, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Wiki zile, ndugu zangu, simwombei hata adui. Akarudi. Hana! Sasa anameza dawa kinga, mie nimerudi kwenye zangu, na kipimo cha juzi hakikuona virusi. Lakini kila nikifuata majibu nahesabu vigae tena, siwafichi.

Namshukuru mama wa chapati mbili, yule pale nyuma, anajifanya anatafuta kiatu. Namshukuru nesi ambaye hakunigombeza. Na Baba Neema, ambaye mpaka leo hajanisimanga.

Kuna dada aliweka kopo lake pembeni ya langu siku ile madhabahuni. Tumemzika. Kwake hakuna aliyefika kugonga mlango, hata mie sikufika. Kwa hiyo mwenzenu asipoonekana kliniki, msiseme atakuja. Mfuateni. Na anayewaambia muache dawa, mwambieni aanze yeye kuacha kula.

Haya. Kopo langu hili. Pamba nimeitoa asubuhi. Sikilizeni.