Maurice Kiprop Cheboi na Safari Zake za Polepole Kando ya Mto

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama yetu mpendwa unayetutazama kwa simu kutoka Kaptarakwa, ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa Apple Valley leo Jumamosi, tarehe 22 Septemba 2018, mimi naitwa Harrison, kitinda mimba wa nyumba ya mzee Cheboi, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu mkubwa, kazi ambayo ningeikataa kama kungekuwa na wa kuipokea, kwa sababu naogopa, na mtanisamehe mkiniona nikisimama katikati kuvuta pumzi.

Marehemu Maurice Kiprop Cheboi alizaliwa tarehe 11 Juni 1979, Kaptarakwa, Elgeyo Marakwet, siku ya mvua kubwa, ndiyo maana akaitwa Kiprop, akiwa wa kwanza kati yetu wanne, akifuatwa na dada zetu wawili walioko nyumbani na mimi nikafunga mlango. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kaptarakwa kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, na akiwa darasa la saba, tarehe 8 Agosti 1992, baba yetu alianguka katika mbio za wazazi siku ya michezo ya shule, akiwa na miaka arobaini na mmoja, akafariki kabla gari halijapatikana, nasi tukakua tukiambiwa kwamba kuna mtu alimtilia kitu katika chai. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo baba ninayemkumbuka ni Maurice.

Alijiunga na shule ya upili ya bweni huko Tambach mwaka 1994, akamaliza mwaka 1997, kisha akasomea uuguzi Eldoret kuanzia 1999 hadi 2002, na katika miaka hiyo yote aliwashangaza walimu, kwa maana watu wa kwetu wanajulikana dunia nzima kwa mbio, lakini Maurice hakukimbia hata kumfukuza ndama aliyeingia kwenye mahindi, alimfuata taratibu na kumsemesha. Kila alikokwenda aliulizwa ana medali ngapi, naye alijibu kwamba mbio amewaachia wenye haraka.

Mwezi wa Machi 2004 alikwenda Uingereza kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Wallingford, kando ya mto Thames, na huko ndiko alikoona jambo ambalo alilisimulia mpaka mwisho wa maisha yake, yaani watu wazima wenye mvi, mume na mke, wakiendesha baiskeli kwenye vijia vya kando ya mto bila kwenda popote, bila gunia, bila mtungi wa maziwa, wamebeba chupa ya chai na mkate tu, wakisimama kila penye benchi kuangalia maji. Kwetu baiskeli isiyo na mzigo ni baiskeli iliyoharibika, kwa hiyo mwanzoni aliwacheka, lakini mwaka uliofuata alinunua yake kuukuu, na kila siku ya mapumziko alipita malango ya mbao, malisho ya kondoo na mashua zilizofungwa kwenye vigingi, akatupigia simu jioni kutueleza ameona bata wa aina gani. Mama alimwombea sana wakati ule, akidhani upweke umemzidi.

Tarehe 13 Desemba 2008 alifunga ndoa na Serah, muuguzi mwenzake, mjini Eldoret, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jerop aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 2009 na Kigen aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2013. Walihamia hapa Minnesota mwaka 2011, Maurice akaajiriwa kama muuguzi, akanikaribisha nyumbani kwake mwaka 2012 nilipokuja chuoni kwa udhamini wa mbio, na kwa kuwa mtu haachi asili yake, hata ile ya kuokota ugenini, alianzisha kundi la Wakenya wanaotoka kazini Ijumaa usiku na kupanda baiskeli Jumamosi asubuhi, wakaliita Polepole. Walishuka kutoka Eagan hadi mto Minnesota, wakazunguka Fort Snelling, wakafuata Mississippi hadi Saint Paul, na Francis, katibu wa kundi, alikuwa akilalamika nyuma yake, "Boss, hata bata wanatu-overtake!" naye Maurice alimjibu kwamba bata wana shifti, sisi tuko off.

Mwezi wa Machi 2016 alizirai kwenye ngazi kazini, akapimwa, na madaktari wakamwambia kwamba misuli ya moyo wake imekuwa minene, wakidhani ni shinikizo la damu, wakampa dawa na kumwonya asikimbie wala kubeba vizito, ila baiskeli ya mwendo wake ule wakamruhusu. Mwezi uliopita, baada ya kipimo cha damu kilichokwenda mbali zaidi, walijua kwamba ni ugonjwa wa kurithi, wakapanga kumwekea mwezi wa Oktoba kifaa cha kuushtua moyo ukisimama, naye hakungoja, jioni ile ile alikuja kwangu Saint Paul, akaniambia niache kukimbia, na kwamba mimi na watoto wake tupimwe.

Jumamosi tarehe 15 Septemba tulitoka watu wanane, sita kati yetu wakiwa wauguzi bila kumhesabu Maurice, tukateremka hadi daraja la zamani la Cedar juu ya mto Minnesota, hapakuwa na mlima, hapakuwa na joto, hakuna aliyekuwa na haraka, nasema haya kwa sababu nimetafuta kosa wiki nzima na sijaliona. Maurice aliegemeza baiskeli kwenye reli, akamimina chai, akanipa kikombe, akasema, "Harry, shika," nikashika, naye akaanguka. Wauguzi sita walikuwa juu yake papo hapo, wakambonyeza kifua kwa zamu, Francis akihesabu kwa sauti, ambulensi ikaja ikipita juu ya kijia cha baiskeli, na hospitalini wakaendelea mpaka daktari akatoka kutuambia kwamba ameshatutoka. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba mtu mwenye wauguzi sita pembeni hawezi kufa, na tangu siku ile sijui niamini nini.

Hapa karatasi niliyo nayo inasema, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi," na kikao cha familia cha Jumatano kiliamua niishie hapo, Baba Mdogo akituasa kwamba mambo ya damu ni ya ndani, tukiyaanika nje ni nani atakayekuja kuoa au kuolewa katika nyumba hii. Baba Mdogo ndiye aliyetusomesha, na sijawahi kumvunjia neno lake, lakini namwona hapo kwenye simu ameketi karibu na mama, na nyuma yake amesimama mwanawe Kimutai, mwenye miaka kumi na saba, ambaye kila alfajiri anapanda milima ya Kaptarakwa akijiandaa kuja huku kwa miguu yake kama nilivyokuja mimi, na hakuna aliyemwambia. Kimutai, nisikilize, ndugu yetu hakuugua kwa muda mfupi, alizaliwa nao, na madaktari wanaamini baba naye aliufia, hakuna mtu aliyemtilia chochote katika chai. Kesho asubuhi usikimbie, wala keshokutwa, wewe na dada zangu na Baba Mdogo mwenyewe, nendeni Eldoret mkapigwe picha ya moyo. Mama, nakuomba usikate simu, najua nimekufanya umzike baba mara ya pili, lakini sina namna nyingine ya kuwabakiza waliobaki.

Bima ya kazi yangu mpya inaanza tarehe 1 Oktoba, na tarehe 2 ndiyo siku yangu ya kupimwa, kwa hiyo sasa sikimbii hata basi likiniacha, usiku nausikia moyo ndani ya mto wa kulalia, nikigeuka upande wa pili nisiusikie, naogopa zaidi kwa kutousikia. Jerop na Kigen walipimwa Alhamisi na majibu hayajatoka, Serah amemtoa Jerop katika timu ya mbio ya shule, na mtoto huyo aliniuliza kwa Kiingereza chake kama naye amerithi moyo wa baba, nikamwambia sijui, maana sikupata uongo wa kumpa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wahudumu wa ambulensi, majirani wa mtaa huu ambao hawakuliacha jiko la Serah lipoe, wafanyakazi wenzake waliobeba shifti zake, kanisa hili, kundi la Polepole, na hasa wale sita ambao mikono yao bado inauma, nawaambia hamkukosea popote, nilikuwepo. Mwili utasafirishwa Jumanne, na mazishi yatafanyika Kaptarakwa Jumamosi ijayo, Serah na watoto watakwenda, mimi sitakwenda, kwa sababu madaktari wamesema nisipande kwenye hewa nyembamba ya milima ile kabla ya kupimwa.

Naona simu bado inawaka, na mama bado ameketi, na Kimutai amekaa chini. Asante, mama.

Pumzika kwa amani, Maurice, tunakupenda, na tunamwomba Mungu tuchelewe sana kukufuata.