Masahihisho ya Mwisho ya Ndeti Kisilu

Wachungaji, wazee, majirani na marafiki mliofika hapa Kajiado kumsindikiza ndugu yetu, familia inaomba radhi kabla ya lolote, kwa kuwa historia mtakayoisikia haifanani na ile iliyochapishwa katika kijitabu cha ibada mlicho nacho mkononi. Jana mjane wa marehemu, Bi. Esther Nyawira, alikisoma kijitabu hicho hadi mahali palipoandikwa kwamba mumewe aliacha uandishi kwa hiari yake mwaka wa 2021, akakifunga, akasema kwamba mtu aliyesahihisha wengine maisha yake yote hatazikwa na kosa. Anayesoma ni mdogo wa marehemu, Mutinda, lakini mengi mtakayosikia yametoka kinywani mwa Nyawira.

Marehemu Boniface Ndeti Kisilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za reli hapa Kajiado, mtoto wa kwanza wa Mzee Kisilu, fundi wa reli ya Magadi aliyetoka Makueni, na mama yetu Mukai. Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari Machakos, na mwaka wa 1977 akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alihitimu shahada ya Fizikia mwaka wa 1980. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na tunalisema hili bila kumkosea heshima, maana ubishi huo ndio uliompatia kazi.

Januari 1981 alianza kufundisha katika shule moja ya sekondari kule Rombo, na huko ndiko alikosoma gazetini, Machi 1986, kwamba ile nyota yenye mkia iliyosubiriwa na dunia nzima ingeonekana magharibi baada ya jua kuzama, ilhali yeye alikuwa akiiona kila alfajiri upande wa mashariki. Aliandika barua kali ya kurasa tatu, mhariri akaichapisha, kisha akamwita Nairobi na kumwambia kwamba kama anajua kiasi hicho, basi aje aandike mwenyewe. Safu yake, Anga ya Wiki Hii, ilianza Jumamosi tarehe 3 Mei 1986, na pamoja nayo aliandika habari za sayansi za kila aina na vitabu viwili vya watu wa kawaida, Majirani wa Dunia mwaka wa 1994 na Kutazama Bila Darubini mwaka wa 2005. Kila alipokosea, na haikuwa mara nyingi, aliandika masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, wala hakumsingizia mpiga chapa.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Nyawira, binti wa Mzee Gakuru wa Nyeri, ambaye wakati huo alikuwa akiuza chakula cha mifugo pamoja na mamake hapa mjini, na ambaye anakiri mwenyewe kwamba hadi siku ya harusi hakujua tofauti ya nyota na sayari, na hakuona amekosa nini. Walijaliwa watoto watatu, Kisilu mwaka wa 1989, Wanjira mwaka wa 1991 na Mukai mwaka wa 1995. Mwaka wa 1996 walihamia Kitengela, Nyawira akafungua duka lake, na Ndeti akajenga nyumba isiyokuwa na taa hata moja nje, jambo ambalo majirani walilishangaa sana mpaka walipoizoea tabia yake.

Mwaka wa 2011 madaktari waligundua ana kisukari, nao ugonjwa huo ulianza na macho. Juni 2018 hakuweza tena kuuona mwezi. Hakumwambia mhariri, hakutuambia sisi ndugu zake, alimwambia mkewe peke yake, na tangu hapo Nyawira alikuwa akifunga duka saa kumi na mbili na nusu, anasimama uani kando ya tangi la maji, anapima umbali wa nyota angani kwa ngumi aliyoinyoosha mbele, kama alivyofundishwa, kisha anaingia ndani kumweleza mumewe alichokiona, naye Ndeti anamtajia la kuandika. Walikuwa na kanuni moja, kwamba mwanga wowote wasioujua lazima utazamwe dakika kumi kamili, usiposonga ndipo uandikwe. Wasomaji hawakujua lolote, ila mwalimu mmoja wa Nkoroi, Bwana Githinji, aliandika kusema kwamba siku hizi safu inaeleweka hata na watoto wa darasa la nne, na barua hiyo Nyawira anayo hadi leo.

Jioni moja mwanzoni mwa Oktoba 2021 Nyawira aliona mwanga mkali upande wa Isinya, mahali ambapo hapakuwa na nyota, na ugali ulikuwa jikoni unaanza kuungua, akaingia ndani. Ndeti alimuuliza, "Umengoja dakika kumi, Mama Kisilu?" naye akajibu, "Nimeiona na macho yangu, Baba Kisilu, iko pale na haisongi." Hakuwa amengoja hata dakika tatu. Makala kuhusu nyota mpya ilitoka tarehe 9 Oktoba, na kumbe ilikuwa ndege iliyokuwa ikija moja kwa moja kutua Nairobi. Watu walimcheka mitandaoni wiki nzima, naye tarehe 16 akachapisha kwamba kosa lilikuwa lake, alitazama kwa haraka, na tarehe 30 gazeti likaifunga safu yake ya miaka thelathini na mitano. Nyawira alitaka kwenda gazetini kueleza ukweli, akakatazwa, kwa sababu mumewe alishikilia kwamba mwenye jina juu ya makala ndiye mwenye makosa yake. Nyawira aliishi na uongo wa zile dakika kumi zaidi ya miaka mitatu, na ulimuuma sana.

Mwaka wa 2023 figo za Ndeti zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 9 Februari 2025 alilazwa hospitalini Kitengela. Jioni ya tarehe 12 alimuuliza mkewe nje kuna nini. Nyawira alisimama dirishani dakika kumi kamili akitazama saa, akarudi kitandani akamwambia sayari ya Zuhura iko magharibi, inang'aa, haijasonga, kisha akaanza kulia na kumwambia ukweli wa ile jioni ya Oktoba. Ndeti alisema, "Nilijua, mama. Nilisikia mlango mapema. Ni mimi nilitaka sana iwe nyota." Aliaga dunia asubuhi iliyofuata, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa kumi na moja na nusu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wenzake wa gazetini waliokuja leo ambao hatuna kinyongo nao hata kidogo, na majirani wa Kitengela, hasa Mama Naliaka, aliyezima taa ya geti lake kila jioni kwa miaka mingi ijapokuwa wezi walimtembelea mara mbili.

Nyawira ameomba tumalizie kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe, kwa namna ambayo mumewe angeyaandika. Masahihisho: Kuanzia Juni 2018 hadi Oktoba 2021, safu ya Anga ya Wiki Hii ilitoka kwa jina la Ndeti Kisilu peke yake. Ilikuwa kazi ya watu wawili, na kosa la tarehe 9 Oktoba lilikuwa la wote wawili. Tunasikitika kwamba jina la pili halikuandikwa mapema.

Pumzika kwa amani, Baba Kisilu, leo jioni nitangoja dakika zote kumi.