Mwenye Kuinuka Kwanza

Benchi la mbao ya mbambakofi lililoko konani, njia ya kuingilia soko la Ukunda, lina katiba ya mstari mmoja: mwenye kuinuka kwanza ndiye anayelipia birika. Ndiyo maana wanaolikalia hukaa kama waliomwagiwa saruji. Chande, muuza kahawa, huwazunguka na vikombe vyake, anamimina, anangoja haja imshinde mmoja wao. Asubuhi hiyo walikuwa watatu, na lori la wadi lilikuwa njiani kuja kulibeba benchi lenyewe.

Habari ilitangazwa tangu Ijumaa, kwa kipaza sauti juu ya pikapu. Wadi imeanza kampeni ya kupambana na kero mitaani. Vibaka wa pikipiki wamezidi. Alhamisi tu mkoba wa mama mmoja ulinyakuliwa hapo hapo konani. Dawa iliyopatikana ni kung'oa mabenchi yote ya vijiweni, kwani uhalifu, alisema yule wa kipaza sauti, huanza kwa kukaa.

Ziro, mmoja wa wale watatu, alicheka hadi akapaliwa. Ana shahada ya maendeleo ya jamii, na miaka kadhaa sasa anazungusha nakala yake ofisi hadi ofisi kama mchuuzi wa saa bandia. Yenyewe imetundikwa ukutani kwao Msambweni, inaliwa na hewa ya chumvi. Ni hapa benchini tu anapoitwa Digrii, na akisema, watu husikiliza. Benchi likiondoka atabaki Ziro, mtoto wa watu anayeamka saa nne.

— Wezi wana pikipiki, sisi tuna benchi, alisema. Wadi imeona heri ikamate kisichokimbia. Honestly, hata mbuzi wa nyika ya Taru angepanga vizuri zaidi.

Mzee Tsofa, weita mstaafu wa hoteli za Diani, anayeitwa Waziri kwa sababu hakosi siri ya serikali, alishusha sauti. Hakuna kampeni, alieleza. Kuna mwekezaji ameitamani kona. Owen, mwendesha boda aliyetoka bara na ambaye mpaka leo hajajifunza kushusha sauti, alikataa katakata. Mbao kama hii haipatikani tena, na ofisini kwa wadi viti vimevunjika.

— Watakalia benchi yetu, maze, wakitupangia vile tutasimama.

Waziri hakukubali kupitwa. Hao vibaka wenyewe, akasema, ni wa wadi. Wameajiriwa, wana hadi likizo. Bila kibaka hakuna kampeni, na bila kampeni hakuna semina, chai na sambusa.

— Wameajiriwa? Ziro aliuliza. Nafasi zilitangazwa lini?

— Wewe cheka. Wahenga walisema, mkaa bure si sawa na mtembea bure. Wakaaji ndio bora.

— Mzee wangu, methali hiyo inatutukana sisi.

— Inategemea umekaa wapi.

Ziro akawaambia waache porojo. Afisa wa wadi akija na lori asikute fujo, akute hoja. Na hoja anayo: kijiwe ni macho ya mtaa. Watu wazima watatu wanailinda barabara mchana kutwa, bure, bila sare wala posho. Yang'oe macho hayo, umempa kibaka kona. Aliisema kwa Kiswahili, akairudia kwa Kiingereza, social capital, community policing, kisha akaipigilia msumari kwa Kidigo. Hata yeye aliona imekaa sawa. Owen akasema kilichobaki ni shahidi, mtu asiyekalia benchi.

Hapo akatokea Dama, mwenye mkoba wa Alhamisi, anayesafisha vyumba hotelini Diani. Sasa vitu vyake amevifunga kwenye pindo la leso.

— Shikamoo, mama, alisema Ziro, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na kejeli.

— Marahaba.

Akamweleza yote. Hawataki makubwa, ila amwambie afisa kwamba watu hawa wakiwapo hapa, kona ina usalama. Dama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Alhamisi niling'ang'ania mkoba wangu nikaburutwa, kutoka pale mtaroni hadi hapa miguuni penu. Nikapiga ukelele. Nyote mlikuwa mmekaa hivi hivi. Huyu alinyanyua kikombe kisimwagike. Haya, niambieni nikamwambie huyo afisa. Aliinuka nani?

Owen akachungulia ndani ya kikombe chake. Waziri akatafuta methali, akaikosa. Ziro jina la jambo lile, la wengi kutazama kila mmoja akimngojea mwenzake, alilijua, kwa Kiingereza, alilifanyia hata mtihani akapasi.

Dama hakungoja. Alikaza fundo la leso akaenda zake kazini.

Lori likaja kinyumenyume hadi usoni pao. Afisa, mama mwenye kizibao cha kung'aa, akateremka na wabebaji wawili, akatoa salamu kamili, akauliza hali za nyumbani, kisha akawaomba waheshimiwa wainuke.

Hotuba ya Ziro ilibaki kifuani. Chande aliikung'uta birika, tone halikutoka. Akasogea mbele ya benchi, akakinga kiganja kungoja malipo ya atakayeinuka kwanza.

Owen alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Ziro. Ziro akashika ukingo wa mbao kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeinuka.