Kuhesabu Tangu Damu Ikate

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani alimnong'oneza mkunga mstaafu aliyekaa naye, na mnong'ono wenyewe ulifika hadi viti vya nyuma.

“Miaka mitatu nilitafuta mtoto, mama! Kila damu ikikata nilikuwa nahesabu siku kumi na nne, ndipo namwita mume wangu arudi kutoka safari zake za lori.”

“Ikikata? Mwanangu, huhesabiwa tangu siku inapoanza! Ulikuwa unamkaribisha mgeni mezani vyombo vimeshaoshwa.”

Abiria mmoja akajikohoza kuficha kicheko. Fundi hakucheka.

“Nami nilimwita mume wangu mgumba, tena mbele ya dada zake. Akafungasha virago.”

“Basi mpigie, mwambie ulikosea hesabu.”

“Hesabu atanisamehe. Lile neno je?”

Mkunga akafungua kinywa kujibu, lakini treni ikasimama, na kituo kilikuwa cha fundi.