Mkubwa Ameitwa Ofisi ya Kodi

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na liko mbele ya duka lenye kibao kisemacho NDUGU WAWILI: PASI, FENI, REDIO, MAJIKO YA UMEME. Mimi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa hapa mwaka wa tisa huu, wananiita Dada ingawa baadhi yao nimewazidi umri, na nimeshasikia ujinga wa kila saizi. Wateja wangu wa kudumu ni Karani, mstaafu ambaye bado anachomeka kalamu mfukoni kana kwamba kesho ataitwa kazini, na Kipimo, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye hupima watu kwa macho hata wakiwa msibani. Wa tatu ni mwenye duka, Mdogo. Kichwa kimejaa mvi, lakini ni Mdogo, kwa sababu kaka yake alikuwa Mkubwa, na Mkubwa tulimzika miezi mitatu iliyopita. Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Mdogo alitoka dukani na barua mkononi, akakaa bila kuagiza kahawa. Nikajua kuna jambo.

— Isome, Karani. Mimi nimeisoma mara mbili, ya tatu naogopa.

Karani akavaa miwani. Barua ilitoka ofisi ya kodi, na ilikuwa kwa jina la Mkubwa. Kodi ya mauzo ya miezi mitatu haijafika, wakati mashine ya kadi inaonyesha duka linauza kila siku. Mhusika afike mwenyewe Jumatatu saa mbili asubuhi, na kitambulisho chake.

— "Mwenyewe, bila kukosa," akarudia Karani. — Wamepiga na mstari.

— Basi wamwite kwa sauti, akasema Kipimo. — Huko aliko hasikii mstari.

Nikamkata jicho. Kipimo huwa hajui mzaha unaishia wapi.

Mambo yenyewe tuliyajua nusu nusu. Mashine ile Mkubwa ndiye aliyeileta, baada ya kuona wateja wanageuka mlangoni kwa kukosa pesa za mkononi. Imeandikishwa kwa jina lake, na hela zinaingia kwenye akaunti yake. Kila tarehe kumi na tano alikuwa anafunga mlango, anatenga ya kodi, anaipeleka. Mdogo kazi yake ilikuwa nyaya tu. Lakini namba ya siri anaijua, na tangu msiba ameendelea kuibonyeza. Mashine inakubali, risiti inatoka, na jina la marehemu juu yake.

— Ila Mdogo, nikamuuliza, kwa nini hukuwaambia benki?

— Niwaambie wafunge akaunti mpaka mirathi iishe? Shemeji ana watoto watatu wa shule, Dada. Hela ya matumizi naitoa humo humo, kwa kadi yake.

— Na kodi? akauliza Karani.

— Ipo yote. Nimeitenga kwenye kopo la skrubu, senti sijagusa. Mkubwa alikuwa akisema hii si yetu, ni mzigo wa mteja, sisi tumeubeba tu.

— Sasa si uupeleke!

— Nilienda. Yule wa dirishani akaniambia aje mwenye namba ya mlipakodi.

— Ukamwambia mwenye namba kafanyaje?

Mdogo akakuna goti.

— Nikasema kasafiri.

Hakuna aliyecheka, hata Kipimo. Nikawamiminia, wakanywa kahawa yao ikiwa bado ya moto mno.

— Mali bila daftari hupotea bila habari, akasema Karani.

— Daftari analo marehemu, akajibu Kipimo. — Nisikilizeni mimi. Damu nzito kuliko maji. Mdogo, wewe na Mkubwa pua moja, kimo kimoja, bega amekuzidi kidole tu. Nawajua, nimewashonea miaka. Na koti lake liko kwangu, alilileta nilipunguze mikono, hakuwahi kulifuata. Jumatatu livae, nenda.

— Nijifanye kaka yangu?

— Si kujifanya. Ni kumwakilisha kwa karibu.

— Kitambulisho je?

— Picha ya kitambulisho hata mwenyewe hafanani nayo! Pale mtu unaonekana umekamatwa.

— Hiyo ni jela, akasema Karani. — Jela ya miaka, tena yenye kazi.

— Mchumia juani hulia kivulini, akasema Kipimo. — Jela kuna kivuli.

— Wewe methali unazishonea mgongo mbele. Hebu niseme mimi niliyekaa ofisini miaka thelathini na moja. Kiserikali, mtu hafi siku anayokata roho. Anakufa siku karatasi yake inapopigwa muhuri kwenye kila meza. Meza ya kodi haijapiga. Meza ya benki haijapiga. Kwa hiyo pale Mkubwa ni mzima, ana afya, anakula.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo nyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Barua watatuma tatu, nne, mwisho mfumo utachoka.

— Mfumo hauchoki, nikasema. — Tunaochoka ni sisi.

— Dada, mimina kahawa.

Kipimo akawa ameshapata hoja nyingine, nikaiona machoni kabla hajafungua mdomo.

— Afadhali tulipe! Tuombe kulipia kwa simu, kila mwezi, bila kuchelewa. Unajua kitatokea nini? Mkubwa atakuwa mlipakodi bora. Fikiria: haumwi, hasafiri, halalamiki, hakopi. Mwaka wa tano watampa cheti. Mwaka wa kumi watamwomba awafundishe wenzake.

— Watamwita jukwaani, akasema Karani, naye keshanogewa. — Asipotokea watasema ni mnyenyekevu.

— Wajukuu watamkuta bado anatoza kodi kwenye pasi!

Mdogo alicheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika, halafu kicheko kikamkwama akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma. Nikaona bora niulize lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

— Cheti cha kifo kiko wapi?

— Kwenye droo.

— Umekipeleka popote?

— Sijakigusa tangu siku niliyokiweka. Nimekifunika na nyaya.

— Kwa nini, Mdogo?

— Sijui, Dada. Jioni nikifunga hesabu, mashine inaandika jina lake na saa. Naona kama tumefunga wote.

Karani akakohoa. Kipimo akaangalia barabarani, na huko ndiko alikotokea nesi mmoja, binti mwenye sare na viatu vyeupe, amekuja kufuata pasi yake. Mdogo akanyanyuka, akaichomeka, akaigusa kwa kidole chenye mate, ikalia. Binti akatoa kadi. Tulikuwa karibu, tukasikia vibonyezo vinne, kisha karatasi ikikatwa.

Akatoka na pasi kwapani, anasoma risiti kama wale watu wachache wanaosoma risiti. Akasimama.

— Samahani. Hapa pameandikwa "Umehudumiwa na", halafu jina la mtu. Ndiye wewe?

— Hapana, akasema Mdogo kutoka mlangoni.

— Sasa pasi ikizingua nimwulizie nani?

Kipimo akadakia: — Mwulizie huyu huyu. Huyu ni Mdogo.

— Mdogo wa nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua amtafute nani. Karani mwenye miaka thelathini na moja ya ofisi akavua miwani, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Kipimo akavuta uzi kwenye mkono wa shati lake mpaka ukakatika. Mimi nikainua birika nimimine, angalau kuwe na sauti, likatoa matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha na hatukuwa na pa kujificha.

Mdogo akaingia ndani. Tukasikia droo, ile inayokwama, ikivutwa mara mbili. Akarudi na karatasi ndani ya nailoni, akampa yule binti.

— Wa huyu.

Binti akaisoma kama watu wa kazi yake wanavyozisoma, haraka mpaka kwenye tarehe. Akairudisha kwa mikono miwili.

— Pole sana, kaka.

— Asante. Pasi ikisumbua niletee mimi.

Alipokwenda, Mdogo akabaki amesimama na nailoni yake.

— Karani, Jumatatu utanisindikiza. Nabeba hiki, na kopo.

— Saa moja na nusu nitakuwa hapa. Ila akaunti wataifunga, unajua.

— Wataifunga.

— Na shemeji yako?

— Nitamwambia leo mwenyewe. Sijui nitamwambia nini. Kipimo, lile koti mpelekee mwanawe wa kwanza.

— Bado litampwaya, akasema Kipimo polepole.

— Litampwaya. Mpelekee.

Nilianza kukusanya vikombe. Bwana mmoja akaja na feni mabegani, amelowa jasho, akaitua juu ya benchi bila salamu.

— Fundi, hapa mnapokea kadi?

Mdogo akanyoosha mkono ndani ya mlango, akachomoa waya wa mashine ukutani. Taa yake ndogo ya kijani ikazimika.

— Hatupokei. Mwenye mashine amefariki.

Miezi mitatu yote sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, wala makaburini. Yule bwana akasema pole, akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta pesa.