Kadi Tano za Damasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetufikia kwa gari lenye petroli. Ndugu Mwenyekiti wa Kata. Padre na Mchungaji, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja. Bwana Herieli, meneja wa duka letu la ushirika, tunayekuaga. Wazee wangu mliotoka Bonga na Sigino kwa miguu. Nanyi ndugu zangu wa foleni, ambao sina vyeo vya kuwataja ila nawajua kwa visogo, maana miaka minne nimewatazama kwa nyuma: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Na waliobaki, hamjambo?

Mimi ni Hilaria, mwalimu mstaafu. Nusu ya watu walioko hapa nimewafundisha kusoma. Nilijaribu pia kuwafundisha kunyamaza mwenzao anapozungumza, hilo likanishinda, na nikisikiliza kule nyuma naona bado linanishinda. Marcelino, mshereheshaji wetu, usinionyeshe saa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuisoma.

Kamati ya sherehe imeniandikia karatasi ya kusoma. Kichwa chake ni "Huruma ya Duka Letu kwa Wananchi". Nimeisoma nyumbani mara tatu, juu mpaka chini, nikiitafuta hiyo huruma, nikaikosa. Lakini kichwa kimenipendeza. Basi nimekiacha kama kilivyo, na huruma nitakayoisema ni ile niliyoiona kwa macho yangu, nje ya mlango wa duka.

Kabla sijafika mbali, kuna mwenzetu mmoja wa foleni hayupo. Ni Damasi, fundi viatu wa pale stendi. Leo ni siku ya ishirini na moja yuko mahabusu, na Jumatatu anapandishwa gari kwenda Arusha kujibu kesi ya ulanguzi wa sabuni. Mnajua wenyewe wanaopelekwa kwa kesi hizo wanakaa muda gani. Mke wake, Bernadina, ameketi pale safu ya tatu, amevaa kitenge cha bluu. Naona kamati inatazamana, inajiuliza nani amemwalika. Nimemwalika mimi.

Sasa nianze kazi niliyoitiwa, yaani kusifu. Bwana Herieli, nakusifu. Tunajua hali ya nchi yetu. Tunajua vita imetugharimu, tunajua lori la mizigo likipata dizeli halina tairi, na likipata tairi halina dizeli. Hayo si yako. Lakini kuna jambo ambalo ni lako peke yako. Mlangoni umeandika kwa chaki kwamba duka linafunguliwa saa mbili. Ungefungua saa mbili, sisi tungechukua sukari yetu tukaenda zetu, tusijuane hata kwa sura. Wewe ulifungua saa tano. Siku nyingine saa tisa. Siku nyingine ulituchungulia dirishani, ukatupungia mkono, ukafunga pazia. Je, ni nani mwingine katika mji huu amewakalisha pamoja Wairaqw na Wagorowa, Wakatoliki na Waislamu, mama wa Nakwa na mzee wa Sigino, siku nzima, wakakosa la kufanya isipokuwa kuulizana habari za nyumbani? Makanisa yamejaribu miaka mingi. Wewe umefanikiwa kwa kufuli moja.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wetu wa mawe. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda kwenu hakuna foleni, kwa hiyo nikueleze. Mtu akifika dukani anaweka jiwe lake kwenye mstari, kisha anakwenda kupalilia, au kunyonyesha, au kumzika jirani. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako analisogeza jiwe lako kwa mguu kabla hajalisogeza lake. Hakujui, wala humjui. Ukirudi unakuta nafasi yako iko palepale inapotakiwa kuwa, na hakuna anayekudai hata asante. Hatukuwa na mwenyekiti, wala katibu, wala mhuri. Labda ndiyo sababu kazi ilikwenda.

Siku moja mvua ilinyesha, nikakimbilia kibaraza cha jirani. Niliporudi nikakuta jiwe langu limefunikwa gunia. Nikacheka sana. Aliyelifunika alikuwa kijana mmoja mrefu, amehamia kutoka milimani Mbulu, sijawahi kumwona. Nikamwambia, "Kijana, jiwe nalo linaogopa mvua?"

Akanijibu, "Shikamoo Mama. Jiwe haliogopi. Ila ukija kulikalia, utalowa wewe."

Huyo ndiye Damasi. Jamani, nimesoma vitabu, nimehudhuria semina za maadili, moja hata ilikuwa na posho, na sikumbuki kitu chochote nilichofundishwa humo kinachofikia lile gunia.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mnaikumbuka, maana sabuni ilikuja baada ya miezi miwili ya kufulia majani ya mpapai. Mche mmoja kwa kila kadi ya kaya. Jua lilikuwa kali, mlango ulikuwa umefungwa, na wewe Bwana Herieli ulikuwa ndani, tunasikia unapiga miluzi. Saa nne, Rosa wa Nakwa akashikwa na uchungu palepale kwenye mstari. Kina mama wakamshika mikono kumpeleka zahanati, na yeye, kwa akili ya mwanamke ambaye hana kipande cha sabuni cha kumwoshea mtoto, akamtupia kadi yake mtu wa karibu. Mtu wa karibu alikuwa Damasi. Baadaye kidogo Mzee Yoakimu wa Bonga, ambaye miguu yake imevimba, akaambiwa na Damasi huyohuyo, "Baba, nenda kakae kivulini, niachie hiyo kadi." Kisha Mustapha, dereva wa lori, akaja mbio, gari lake linaondoka kwenda Singida na nyumbani hakuna wa kumpangia foleni. Naye akaacha kadi. Hizo tatu. Ya nne ilikuwa ya Damasi mwenyewe. Ya tano nitaitaja mwisho, nivumilieni.

Ulipofungua, Bwana Herieli, ulizipokea kadi tano, ukazitia saini kwa mkono wako, ukatoa miche mitano. Hapo hapakuwa na ulanguzi. Ulanguzi ulianza dakika moja baadaye, Damasi alipouliza swali. Aliuliza kwa adabu, kofia ameishika mkononi: "Bwana Meneja, asubuhi nilisaidia kushusha katoni hizi. Zilikuwa nyingi kuliko hizi ninazoziona. Nyingine zimepita wapi?"

Ukafunga duka. Na jioni ileile askari wa msako walifika kibandani kwake stendi, wakakuta miche mitano, kila mmoja umefungwa kwenye gazeti na kadi ya mwenyewe juu yake. Bernadina alikuwepo, amenieleza neno kwa neno.

"Hawa ni ndugu zako?" askari akauliza.

"Hapana, afande."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Majina yao unayajua?"

"Yameandikwa kwenye kadi."

Askari akacheka mpaka akashika ukuta. Mtu asimame juani kutwa nzima kwa ajili ya watu asiowajua, tena bure? Akaandika kwamba mtuhumiwa ni mlanguzi mjanja sana. Ukaitwa wewe, Bwana Herieli, kama mtaalamu wa biashara. Ukaulizwa kama kuna binadamu anayeweza kufanya hivyo bila faida. Ukajibu kwamba katika miaka yako kumi dukani hujawahi kuona jambo hilo. Na mimi nakutetea hapa mbele ya Mgeni Rasmi: hukusema uongo. Mlango wa nyuma hauna foleni, ungeliona wapi? Kaa, Bwana Herieli, usiinuke, bado nakusifu.

Lakini nisikutwishe yote. Mtauliza, na ni haki yenu kuuliza: wenye zile kadi walikuwa wapi siku zote hizi? Mbona hawakwenda kituoni wakasema, "Sabuni hii ni yangu"? Nitawaambia. Mustapha alikuwa safarini, huyo namwachia. Waliobaki walisikia mtaani kwamba anayepokea mali ya mlanguzi naye ni mlanguzi. Wakaogopa. Wakanyamaza.

Na kadi ya tano ilikuwa yangu. Magoti yalikuwa yananiuma, nikamwachia Damasi kadi, nikaenda nyumbani kulala. Nasema kulala, ndugu zangu, usingizi mnono wa mchana. Alipokamatwa nikaanza kupita njia ya mbali nisionane na mke wake. Mimi! Mwenye mdomo huu ambao mji mzima unaulalamikia! Siku ishirini na moja. Nimeona aibu, na aibu hiyo imeninyima usingizi. Kamati ilipokuja kuniomba nimsifu Bwana Herieli, nilikubali upesi mno, wakashangaa. Nilikuwa nataka kipaza sauti tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi nimeshasimama. Nawaomba wenye kadi wenzangu wasimame. Msitazamane. Anayeogopa ajue kwamba na mimi hapa naogopa.

Asante, Rosa. Mheshimiwa, yule mtoto aliyembeba ana umri sawasawa na mahabusu ya Damasi. Baba Yoakimu, taratibu, taratibu, usije ukaanguka. Ahsante wewe dada unayemshika mkono, jina lako silijui. Mustapha yuko pale kwenye nguzo, alirudi jana, na bado ana vumbi la Singida. Basi tumetimia wanne, na wa tano mnajua aliko.

Na wewe Marcelino, mbona umesimama? Kadi yako haikuwemo.

Amesema anajua. Kwa wale wa nyuma ambao hamkusikia, amesema, "Najua, Mwalimu."

Na ninyi kina mama wa Nakwa? Na wewe uliyesimama juu ya benchi, mimi hata sikufahamu, umetoka wapi? Kaeni, jamani, nimewaita watatu tu. Kaeni basi. Haya. Msikae.

Mheshimiwa, sikuombi umfungulie mtu mlango kwa upendeleo. Milango ya upendeleo tumeshaichoka. Nakuomba ufike nasi kituoni leo, kabla ya Jumatatu, maelezo yetu yaandikwe. Kama kumshikia nafasi mtu usiyemjua ni kosa, askari aandae karatasi nyingi, maana unaona mwenyewe watu waliosimama. Na kama si kosa, basi kuna mtu anakaa sakafuni kwa makosa yetu. Ni mwendo wa dakika kumi. Bwana Herieli, twende wote, kwa kuwa saini kwenye zile kadi ni yako na wewe ni mtu wa kuheshimu saini yako. Pilau itafunikwa, haitaharibika.

Mmenivumilia, mmenipa masikio yenu, nawashukuru kwa moyo wote. Bernadina mwanangu, pita mbele. Tangulia wewe, sisi sote tuko nyuma yako.