Mama Madeleine, Vua Koti

Mheshimiwa Mchungaji Emery, wazee wa jumuiya yetu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kista, Upplands Väsby na kwingineko hapa Uswidi, mabibi na mabwana. Itifaki inataka mwenye sherehe nimtaje mwisho, lakini mwenye sherehe yuko mlangoni mwa jikoni anavaa koti, kwa hiyo wakubwa mniwie radhi. Mama Madeleine, tafadhali usiondoke. Treni nyingine ya Märsta itakuja.

Hotuba niliyoandaa kama mwenyekiti wenu iko mfukoni, na itabaki huko huko. Ilijaa maneno matamu ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu, na aliyeiandika hakujua mfanyakazi huyo anafanya kazi gani. Naona aibu, ndugu zangu. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Kwa ninyi mliochelewa, na tunajuana, naomba nieleze. Binti yetu Josefin ametuletea mchezo wa vipindi vya runinga vya zamani, enzi za picha nyeusi na nyeupe. Mgeni mwenye kazi isiyo ya kawaida anakaa mbele, waliofungwa vitambaa machoni wanamuuliza maswali, naye anajibu ndiyo au hapana tu mpaka waibahatishe kazi yake. Ili tusimtambue kwa sauti, mgeni wetu alijibu kwa kugonga sufuria na mwiko: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mimi na mhandisi Ludovic tukafungwa macho.

Nikauliza, "Je, unahudumia watu?" Ko! "Huwa wanalalamika?" Ko, ko! Mkacheka. Ludovic akauliza, "Wanakuja kwa miguu yao?" Ko, ko! "Unawavua nguo?" Ko! Hapo kina mama wakapiga vigelegele. Nami, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikauliza, "Ukishawahudumia, huwa wanarudi tena?" Ko, ko! "Basi huyu ni fundi wa masaji, tena mbovu kabisa!" Ukumbi mzima mkavunjika mbavu. Ninyi mliokuwa mnamwona ni Mama Madeleine mlidhani anatutania tu, maana sote tulijua anafagia ofisi Kista. Nani alituambia? Hakuna. Tulimwona asubuhi kwenye treni amevaa sare, tukajipa jibu wenyewe, na miaka yote hiyo hatukumuuliza.

Nilipovua kitambaa alikuwa bado anacheka. Akasema, "Ndugu zangu, mimi naosha wafu. Nawaosha, nawavika, nawachana nywele. Leo nimemaliza."

Kisha nikasikia sahani zikisukumwa kando. Pondu ya majani ya muhogo, makayabu ya samaki wa chumvi, sambusa, vyote alivyopika mwenyewe tangu alfajiri kwa ajili ya sherehe yake mwenyewe. Nani alisukuma? Sitauliza, maana sahani ya kwanza ilikuwa yangu. Sambusa niliyokwisha kuuma niliifunga kwenye leso nikaitia mfukoni, juu ya hotuba. Mimi! Nimekula chakula cha mkono wa mama huyu kwenye harusi zetu, kwenye ubatizo wa watoto wetu, kwenye matanga, nikaomba na cha kubeba nyumbani. Leo ndipo nione kinyaa?

Mtu mmoja tu aliendelea kula. Nikamwendea Mama Aurore nikamnong'oneza, eti namsaidia, "Mama, hukusikia alivyosema?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Nimesikia. Mimi nilijua zamani."

Mnamkumbuka mume wake, Baba Mwamba, tuliyemzika majira ya baridi yaliyopita. Mnakumbuka tulivyomwangalia pale kanisani, tai imefungwa fundo nene kama alivyopenda, nywele zimechanwa upande mmoja. Nani alisimama mbele yenu akasema, "Jamani, Waswidi wanajua kazi"? Ni huyu huyu anayesema nanyi sasa. Kumbe, kama Mama Aurore alivyonisimulia sasa hivi, siku moja kabla alikwenda mochwari kumwona mumewe, akafika mlangoni akasikia Kiswahili ndani. "Pole, papa. Maji iko baridi kidogo. Vumilia, tunamaliza sasa hivi." Alikuwa Mama Madeleine, na alipogeuka akamwona, hakuomba shukrani. Aliomba kitu kimoja tu: "Usiwaambie. Wakijua, hawatakula tena chakula changu."

Sasa niambieni, ndugu wageni waalikwa, alitukosea wapi? Leo alituamini. Alichagua kutuambia katikati ya kicheko, akidhani tumeshakuwa watu wazima, nasi tukafanya vile vile alivyoogopa, tena mbele ya macho yake.

Mama, siwezi kuomba msamaha kwa niaba ya ukumbi, kila mtu ana mdomo wake. Naomba wangu. Leso yangu hii hapa, na sambusa hii hapa. Mnisamehe, nitasema na chakula mdomoni. Imepoa, na bado ni tamu.

Umestaafu, nasi tunakupongeza kwa dhati. Lakini naogopa, mama, na nalisema hili mbele ya watu wote. Siku yetu ikifika katika nchi hii, nani tena atatuambia kwamba maji yana baridi kidogo?

Sina zaidi. Asanteni kwa kunisikiliza, hata pale nilipowasema. Mama Madeleine, vua koti. Pondu imebaki?